Siku ya Kupima Macho

Mtaani walimwita Fundi, nyumbani walimwita Dada Mkubwa, na kati ya majina hayo mawili hakubakiwa na nafasi kubwa ya kuwa mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo: kupunguza suruali ndefu, kuachia kiuno cha sketi ya mtu aliyenenepa na hataki kusema amenenepa, kubadilisha zipu, kugeuza kola iliyochakaa hadi mwenyewe adhani ameletewa shati la mwingine. Nguo mpya alishona mara chache. Alisema mtu anayeshonesha nguo mpya ana maneno mengi, ila anayeleta ya zamani huja na adabu zake.

Cherehani alikuwa ameihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani kwa mama yake, tangu mama alipopigwa na kiharusi na upande mzima wa kushoto ukalala. Kitanda kilikuwa ukutani, cherehani dirishani, na katikati palibaki upenyo wa kupita mtu mmoja aliyebeba beseni. Wateja walijaribia nguo sebuleni, kisha wakachungulia mlangoni kumsalimia mama. Naye aliwajibu kwa ulimi mzito kidogo lakini kwa akili iliyo palepale. Ndiye aliyemfundisha binti yake kushika sindano, na hata sasa alijua ni suruali ya nani imerudi mara ya pili na kwa nini.

“Huyo anakula sana,” alisema mteja akishaondoka, na wote wawili wakacheka.

Kwa hiyo hayakuwa maisha ya machozi, na ni vizuri lijulikane hilo mapema. Fundi alimpenda mama yake. Asubuhi alimgeuza, akamwosha, akambadilisha nepi, akampaka mafuta mgongoni na nyongani, akamketisha kwa mito na kumlisha. Halafu cherehani. Mchana hivyo hivyo, na jioni hivyo hivyo. Mdogo wake wa kiume, dereva wa gari la kusambaza magodoro, aliishi upande wa pili wa mji pamoja na mkewe. Alikuja Jumapili na mfuko wa matunda, akakaa kando ya kitanda, akapiga soga na mama, akaanza kutazama saa.

“Dada, wewe si mtu wa kawaida,” alimwambia kila alipoaga. “Sijui tungefanyaje bila wewe.”

Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi kwenye beseni lake.

Mambo yalianza kwa furushi la sketi za kijani. Lililetwa na msimamizi wa nyumba moja ya kale iliyoko nje ya mji, mwanamke mwenye haraka na miwani ya kuning'inia shingoni. Nyumba hiyo ilikuwa ya mkulima mmoja tajiri wa zamani, na sasa watu walikwenda kuitazama na kutembea katika bustani zake. Watembeza wageni walikuwa wameshonewa sare, na sare zote zilikuja ndefu kama zimekatwa kwa ajili ya twiga. Fundi alizipunguza zote na kuzitia pindo la mkono lisiloonekana kwa nje. Msimamizi alipokuja kuzichukua alifurahi mno, akatoa mkobani kadi mbili zenye picha.

“Hizi ni za kuingilia bure. Njoo utembee na mwenzio. Ila ziangalie, zinakwisha mwisho wa mwezi.”

Fundi alishukuru, akazisukuma chini ya kitambaa cha cherehani. Kisha kila alipoinua kitambaa kutafuta chaki au mkasi, alikutana nazo: nyumba nyeupe yenye paa jekundu, na mbele yake njia iliyopangwa miti mirefu pande zote mbili, njia ndefu isiyo na mtu hata mmoja. Utupu huo wa njia ndio uliomvuta. Alijiona akitembea pale katikati bila kubeba chochote.

Angeweza kuomba. Alijaribu maneno hayo kichwani akiwa anapiga pasi: “Jumamosi nataka kwenda kutembea.” Kutembea! Mtu mzima, mama yake yuko kitandani, anaomba ruhusa akatazame maua. Kila alipoyajaribu aliona aibu peke yake, pasi ikiwa mkononi. Halafu mdogo wake akapiga simu jioni moja kumjulia mama hali, na Fundi, kabla hajajua atasema nini, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

“Jumamosi nataka kwenda kupimwa macho. Siku hizi uzi unanikimbia.”

“Macho?” Mdogo wake alishtuka kwelikweli. “Dada, usicheze na macho. Nenda. Nitakuja mimi nikae na mama, tena nitakuja mapema.”

Alikubali upesi kiasi kwamba Fundi alifurahi na kuumia kwa mpigo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, mradi tu awe mgonjwa.

Jumamosi alivaa viatu vyake vizuri. Mama alivitazama viatu, akautazama uso.

“Nenda, mwanangu,” alisema. “Wakikuambia uvae miwani, vaa. Usiwaletee ubishi wako.”

“Sawa, mama.”

“Na usijali huku. Mimi na kijana wangu tutaelewana.”

Fundi alimwonyesha mdogo wake kila kitu: uji kwenye chupa, dawa kwenye kisahani, namna ya kumgeuza, na nepi safi zilizopangwa kwenye kiti. Alipofika kwenye nepi, mdogo wake alitazama dirishani.

“Unamlaza ubavu, unavuta ile chafu huku, unaingiza hii. Umeona?”

“Nimeona, Dada. Nenda, utachelewa.”

Hakuwa ameona kitu. Fundi alijua hakuona, na alijua kwamba angeweza kusimama pale akamshika mkono na kumfundisha taratibu. Lakini basi lilikuwa karibu kuondoka. Akachukua mkoba wake, ule wenye kopo la pini na nyuzi ambao hautoki begani mwake, akatoka.

Njia ya miti ilikuwa kama kwenye picha, isipokuwa ilikuwa na watu. Hakujali. Alitembea katikati yake mikono ikiwa mitupu, na mikono hiyo, kwa kukosa kazi, ikawa inainuka yenyewe na kugusa majani. Mbele ya nyumba alimkuta mtembeza wageni, msichana mwembamba mwenye sauti ya kufundishwa. Fundi hakutazama uso wake kwanza. Alitazama pindo la sketi. Lilikuwa limetulia vizuri, halivuti mahali popote, akajisikia kama mtu aliyemkuta mwanawe ugenini ana adabu.

Aliingia pamoja na kundi la wageni wengine. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizong'arishwa, ikilia chini ya viatu. Waliona chumba cha kulia na meza ndefu iliyotandikwa sahani za watu waliokwisha kufa. Waliona jiko lililojengwa mbali na nyumba ili moshi usiwafikie wenyewe, na sufuria za shaba zilizoning'inizwa kwa ukubwa, kuanzia ya kuogeshea mtoto hadi ya kuchemshia yai. Fundi alikuwa akifurahia vitu vidogo: vifundo vya mapazia, kitambaa cha kiti kilichotiwa kiraka kwa ustadi upande wa nyuma, mahali ambapo mgeni hatazami.

Kisha wakaingia chumba cha barazani, na mtembeza wageni akapunguza sauti.

“Hiki kilikuwa chumba cha mke wa mwenye shamba. Alianguka kutoka juu ya farasi akiwa bado kijana, na hakusimama tena. Aliishi kwenye kitanda hiki hadi uzeeni. Mumewe ndiye aliyeagiza madirisha haya yapanuliwe, ili mkewe aone bustani akiwa amelala. Ndiyo maana bustani yote imepandwa kuelekea huku.”

Wageni walitoa mguno wa huruma. Mmoja akasema huo ndio mume. Mtembeza wageni akaeleza mbao za kitanda zilitoka wapi, nani alifuma shuka la juu, na mapazia yalibadilishwa rangi mara ngapi. Fundi alisimama miguuni pa kitanda kile na mkoba wake kifuani. Alikuwa amepanda basi kukimbia kitanda kimoja, akashuka na kukuta kingine kinamngoja.

“Nani alikuwa anamgeuza?” aliuliza.

“Samahani, mama?”

“Huyu mgonjwa. Mtu hawezi kulala miaka yote hiyo bila kugeuzwa. Ataoza mgongo. Nani alimgeuza?”

Watu wawili watatu walicheka kidogo. Mtembeza wageni alitabasamu, bila ubaya wowote. “Kwa kweli hilo sikufundishwa, mama. Nafikiri ni wafanyakazi.”

“Nafikiri,” Fundi aliitikia.

Kundi lilipotoka alibaki nyuma kidogo. Kichwani pa kitanda palikuwa na mlango mwembamba, umeachwa wazi. Ndani ni kijichumba kisicho na dirisha, sasa kinawekwa mifagio na ndoo. Kilikuwa kinatosha godoro moja jembamba. Aliutazama ukuta wa pamoja kati ya kijichumba na kitanda, ukuta ambao mtu angeugonga mara moja tu na mwenzake akaamka. Ndipo saa yake ya mkononi ikamkumbusha kwamba huu ndio wakati wa mama kugeuzwa.

Alitoka nje haraka. Basi la mchana lilikuwa limesimama getini, na alikuwa na muda wa kutosha kulifikia. Alianza hata kutembea kuelekea huko. Lakini njia ilipita kando ya bwawa dogo lenye mayungiyungi, na nyasi za pale zilikuwa fupi na laini, na chini ya ua wa asumini palikuwa na kivuli na hapakuwa na mtu. Akasema atakaa kidogo tu. Akavua viatu. Akalala chali kama mtoto, mkoba ukiwa mto wake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa akisikiliza pumzi ya mtu mwingine.

Basi lilipiga honi. Alilisikia. Lilipiga tena, na injini ikaunguruma, na yeye akafumba macho. Baadaye, katika siku zote zilizofuata, alipojitafutia utetezi alishindwa hapo hapo: hakuchelewa, hakusahau, hakuzuiwa na mtu. Alisikia honi, akafumba macho.

Kilichomwamsha ni kilio cha bibi harusi. Kundi la harusi lilikuwa limekuja kupiga picha bwawani, na mmoja wa wasimamizi wa harusi alikuwa amekanyaga gauni, pindo likachanika nyuma na kitambaa kikawa kinaburuta matope. Mpiga picha alitaka waendelee hivyohivyo, aifiche sehemu hiyo. Bibi harusi alisema haendelei na chochote. Fundi aliketi, akatafuta viatu, akavikosa, akaenda peku.

“Usilie, utaharibu uso nao hauna fundi hapa,” alimwambia bibi harusi. “Simama wima. Mnioneshe.”

Alipiga magoti nyuma yake. Alitoa pini, akatoa uzi mweupe, akautunga sindanoni kwa mara moja bila hata kuulowesha, akaanza kushona huku akiwachekesha. Alimwambia bwana harusi kwamba hili gauni litadumu, kuhusu mengine amuulize mwenyewe. Mpiga picha alipiga picha, naye hakujali. Walipomaliza wakamkatia keki kipande kikubwa, wakamketisha kati yao kama shangazi wa familia. Alikula, akacheka sana. Alirudi na basi la mwisho la jioni.

Mdogo wake alimfungulia mlango akiwa na uso wa mtu aliyechoka kwa kutofanya kitu.

“Wamesemaje?”

“Macho yamechoka tu,” Fundi alisema. “Hakuna cha kutisha. Mama yukoje?”

“Yupo. Amekula. Ila…” Alishusha sauti. “Dada, alinikataza kumgusa. Kila nikisogea ananiambia niache, atakusubiri wewe. Sasa ningefanyaje?”

Fundi aliingia chumbani na viatu vyake vizuri. Harufu ilimpokea mlangoni. Mama alikuwa amelala vilevile alivyomwacha asubuhi, mgongo umeegemea mito ileile. Alimtazama binti yake akajaribu kutabasamu kwa upande ule mmoja.

“Umerudi. Miwani iko wapi?”

“Hawajanipa, mama. Mbona hukumruhusu akubadilishe?”

“Mtoto wangu wa kiume?” Mama alifumba macho. “Nilikuwa nakusubiri wewe. Nilijua huko hospitali foleni ni ndefu.”

Fundi alichota maji ya moto. Alimfungua. Nepi ilikuwa nzito, ngozi ya nyonga imekuwa nyekundu, na katikati ya wekundu pameanza kuchubuka. Alimwosha taratibu, na mama akauma midomo asilie. Fundi alikuwa na ladha ya keki mdomoni. Alikwenda uani, akasukutua, akarudi, na ladha ikawa ingali pale.

Mchubuko ule ukawa kidonda. Hakikuwa kikubwa, lakini kidonda cha mtu anayelala hakina haraka ya kupona. Nesi wa mtaani alikuja kuonyesha namna ya kukisafisha, akashangaa. “Ulikuwa unamtunza vizuri hivi, hiki kimetokea vipi?” Fundi alisema hajui.

Na uongo wake, badala ya kulala chini ukafa, ukaanza kulelewa na watu wema. Jumapili iliyofuata mdogo wake alikuja amebeba boksi badala ya matunda. Ndani yake mlikuwa na taa ya mezani yenye shingo ya kupindika. Aliifunga mwenyewe juu ya cherehani, akaiwasha, akaielekeza kwenye sindano.

“Nimefikiria wiki nzima,” alisema. “Unaharibu macho yako hapa gizani kwa ajili yetu, mimi nipo tu. Nisamehe, Dada.”

“Huna kosa,” Fundi alisema. Lilikuwa jambo pekee la kweli alilokuwa amesema wiki ile, na hata hilo hakuwa na uhakika nalo.

Mama naye alifanya lake. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikuwa na kawaida ya kuomba kwa sauti. Aliwaombea watu wake, akaombea majirani, akamuombea hata mwenye nyumba. Sasa akaongeza: “Na macho ya mwanangu, ee Mungu, uyalinde, maana yeye ndiye macho yangu na mikono yangu.” Fundi alikuwa akisafisha kidonda wakati huo, ameinamia nyonga ya mama yake. Alisema amina. Angesema nini tena?

Wifi yake ndiye aliyeleta picha. Alikuja siku ya kazi, peke yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akamvuta Fundi sebuleni na kufunga mlango.

“Wifi, hebu niangalizie huyu mtu,” alisema akimpa simu. “Mwenzangu kazini amehudhuria harusi ya ndugu yake.”

Kwenye picha palikuwa na bwawa, bibi harusi, na nyuma yake mwanamke amepiga magoti peku, sindano imeinuliwa juu kwenye mwanga, uzi unapita tunduni, na mdomo wake uko wazi kwa kicheko. Chini yake waliandika: Asante mama tusiyekujua, Mungu akubariki.

Fundi alitazama kwa muda. Hakujua kwamba huwa anacheka namna ile.

“Kwa macho mabovu umejitahidi,” wifi alisema, kisha akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kiganja. “Loo, wifi! Na mume wangu alivyohangaika na taa!”

“Amekwisha kuona?”

“Hajaona, na hataona. Mimi nilidhani wewe ni malaika, ukinitisha kila siku. Kumbe mtu kama sisi.” Alimpiga bega. “Limekwisha. Siri yetu.”

Alikuwa na nia njema, na alipoondoka Fundi alijisikia vibaya kuliko kabla. Mwanzo alikuwa anadanganya peke yake. Sasa alikuwa na msaidizi.

Kesho yake asubuhi mama, katika kuomba kwake, alifika kwenye macho.

“Na macho ya mwanangu, ee Mungu…”

“Mama, acha.”

“Niache nini?”

“Kuniombea macho. Hayana kitu.”

“Yamepona?”

“Hayakuugua.” Fundi alikuwa ameshika kitambaa chenye dawa, hakujua akiweke wapi. “Siku ile sikwenda hospitali. Nilikwenda kutembea. Kwenye ile nyumba ya zamani, ya zile sketi za kijani. Nilikuwa na kadi.”

Mama alimkazia macho. Kisha akauliza, “Kulikuwa na mwanamume?”

“Mwanamume gani, mama, kwa umri huu?”

“Sasa ulikwenda na nani?”

“Peke yangu.”

Hilo ndilo lililomshinda mama. Habari ya mwanamume angeielewa. Alitazama dari, akatazama cherehani na taa yake mpya.

“Nimemsumbua Mungu siku zote hizi,” alisema, “kwa macho mazima.”

“Nisamehe, mama. Na basi la mchana nililiacha makusudi. Ningekuwahi. Hiki kidonda ni changu.”

“Mimi ni mzigo kiasi hicho? Hata siku moja ya kutembea uniibie?”

“Si hivyo.”

“Ungeniambia. Ningekuambia nenda. Au mimi ni askari magereza?” Ulimi wake ulikuwa mzito zaidi anapokasirika, na machozi yalishuka upande mmoja tu. Aligeuza uso ukutani. Siku ile nzima alisema “maji” na “inatosha” na basi. Mteja alipochungulia kumsalimia, alijifanya amelala. Fundi alishona bila kuwasha taa.

Siku iliyofuata, uji ulipokwisha, mama alisema akiwa bado ametazama ukuta:

“Hiyo bustani. Ina nini?”

Fundi alimweleza. Alianza kwa uoga, kisha akaendelea: njia ya miti, sufuria za shaba, kiraka nyuma ya kiti, bwawa. Alimweleza chumba cha yule mgonjwa na swali alilouliza, na mama akageuka.

“Wakasemaje?”

“Hawajui.”

“Watajuaje,” mama alisema. Akafikiri. “Na lile gauni. Lilichanika wapi?”

“Pindoni, nyuma. Kitambaa chenyewe utelezi mtupu.”

“Ulipiga mshono gani?”

“Wa kuficha. Nikaufunga mara mbili kila hatua.”

“Vizuri. Ule wa kawaida ungefumuka kabla ya kufika ukumbini.” Kisha, Fundi alipotaka kumshika mkono, aliuondoa. “Sijakusamehe. Nauliza tu.”

Kwa mdogo wake alisema Jumapili, mezani, wifi akiwepo. Alisema yote kwa mkupuo kama mtu anayekunywa dawa chungu. Mdogo wake aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Alionekana kama mtu aliyevuliwa kofia mbele za watu.

“Mimi nimelala sipati usingizi, nawaza dada yangu anakuwa kipofu,” alisema. “Ungeniambia tu unataka kutembea.”

“Ungekuja?”

Mdogo wake alichukua tena kijiko, akakirudisha chini. Wifi alitazama sahani yake. Hakuna aliyesema kitu hadi mama alipoita kutoka chumbani kuuliza mbona pamekuwa kimya, kuna mtu amekabwa na mfupa?

Mambo hayakubadilika mara moja. Jumapili mbili hivi mdogo wake hakuja kabisa, akasema kazi. Kisha akaja siku ambayo nesi alikuwepo, akasimama karibu na kitanda, akasema kwa sauti kavu, “Nifundisheni.” Nesi alimfundisha. Mama alikataa, akakataa tena, mwishowe akasema sawa, ila afunikwe uso. Tangu siku hiyo ikawa ndivyo: anapobadilishwa na mwanawe, mama anajifunika shuka usoni kwa mkono wake mzima, na mwanawe anazungumzia magodoro kwa sauti kubwa kana kwamba yuko chumba kingine. Wakimaliza shuka linashuka, na hakuna anayelitaja.

Kidonda kilipona. Kiliacha alama nyeusi kwenye nyonga, kubwa kama kifungo cha koti, na Fundi hupitisha mafuta juu yake kila asubuhi.

Walikubaliana kwamba Jumamosi moja kila mwezi ni yake. Ya kwanza ilipofika alivaa viatu, akaaga waziwazi, akatoka, na mama akamwambia, “Tembea vizuri.” Hakuwa na mahali pa kwenda. Kwenye bustani hakuweza kurudi. Alizunguka madukani, akashika vitambaa bila kununua, akakaa kwenye benchi mbele ya posta, na kila honi ya basi ilimshtua. Alirudi mapema mno. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya mama kutoka ndani ikigomba: “Mkono wako wa baridi! Unataka kuniua?” Na sauti ya mdogo wake ikicheka, ikisema, “Tulia, mama, namalizia.”

Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Aliuondoa. Akasogea pembeni, akaketi kwenye ngazi za nje, akaweka mkoba mapajani.

Jirani aliyekuwa akianua nguo alimwona.

“Fundi! Wamekufungia nje?”

“Hapana,” alijibu. “Leo niko matembezini.”

Jirani alimtazama, akaenda kumletea kigoda.